Kayaki ya Kukunja: Chagua Ziwa Kwanza, Ndipo Uchague Chombo

Ujumbe wa WhatsApp tunaoupokea mara nyingi zaidi dukani kwetu hapa Entebbe ni mfupi: "Kaka, ile kayaki ya kukunja iliyo nyepesi kabisa ni bei gani?" Unatoka Kampala, Goma, Kisumu, wakati mwingine Bukoba. Nasi kabla ya kutaja bei huuliza: unakwenda nayo ziwa gani, na utafikaje huko? Wapo wanaokereka, wakidhani tunazungusha bei. Hatuzungushi. Kayaki, mtumbwi huu mdogo wa kupiga kasia, inayomfaa mtu anayepiga kambi kwenye visiwa vya Ziwa Bunyonyi inaweza kumtia hatarini mwenzake anayetaka kuvuka Ziwa Victoria kwenda visiwa vya Ssese, hata kama wote wawili wamelipa pesa ileile.

Kayaki zinazoingia mkobani ziko za namna tatu, na watu huzichanganya. Ya zamani ni ya fremu na ngozi: unaunganisha mataruma (mbavu za chombo) na fito za mbao au mabomba ya alumini, unayasukuma ndani ya ngozi ya turubai na mpira, kisha unakaza mpaka ngozi inavutika kama inavyotakiwa. Mjerumani Alfred Heurich alibuni yake mwaka 1905, na miaka miwili baadaye fundi cherehani Johann Klepper wa mji wa Rosenheim akanunua haki ya kuitengeneza. Kwa wale wanaotuambia kitu kinachokunjika hakiwezi kuwa imara, tunawakumbusha habari za daktari Hannes Lindemann. Mwaka 1956 alivuka Atlantiki kutoka visiwa vya Canary hadi Karibi kwa kayaki ya Klepper yenye tanga, akatumia siku 72. Alipinduka mara mbili njiani, na chombo kikamfikisha. Tatizo la aina hii ni uzito na bei. Ile ya watu wawili huzidi kilo 30, inadai nusu saa au zaidi kuiunganisha mpaka mkono uzoee, na mpya hugharimu maelfu ya dola.

Ya pili ndiyo inayoonekana sana kwenye picha za mitandaoni: ya mikunjo. Ni plastiki moja kubwa ya polipropilini, ndani ina vifereji kama ukuta wa boksi la katoni, imechorwa mistari ya kukunjia. Unaifungua, unabana vishikizo, unafunga mikanda, unaingia majini. Kampuni ya Oru ya California ndiyo iliyoipa umaarufu kuanzia 2012. Zile fupi zina kilo 8 hadi 12, kwa hiyo mtu mmoja anaibeba begani bila msaada. Ya tatu ni ya kujazwa upepo kwa pampu. Kwa kweli hiyo haikunjwi kwa mistari, inaviringishwa tu, lakini inaingia kwenye mkoba na inafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo tunaiuza pamoja na nyingine.

Sasa tuje kwenye maziwa yetu.

Bunyonyi ndipo tunapopeleka wanunuzi wapya wengi, na hatuoni aibu kurudia jina hilo kila siku. Ziwa liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima vya Kabale, lina visiwa 29, na halina viboko wala mamba. Vilima hukinga sehemu kubwa ya upepo, na kutoka kisiwa kimoja hadi kingine si mbali. Kayaki fupi ya mikunjo inatosha kabisa hapo. Unapanda basi Kampala, unashuka Kabale mjini, unachukua boda au gari la kukodi hadi gatini Rutinda, na jioni hema lako limesimama kisiwani. Kumbuka nguo nzito, usiku kuna baridi kali. Kumbuka pia kwamba kingo zake zinashuka ghafla. Hatua moja maji ya magoti, hatua inayofuata hugusi chini. Ziwa Mutanda, upande wa Kisoro, linafaa vilevile, na ukiwa katikati ya maji asubuhi isiyo na ukungu unaona mlima Muhabura mzima mbele yako. Maziwa ya volkeno ya Fort Portal ni madogo na yamezungukwa na kuta za msitu. Hapo kazi ngumu ni kuteremka na mzigo mpaka majini, na kayaki ya kilo 9 inalipa fadhila zake zote.

Victoria ni habari nyingine kabisa. Hili ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana upepo huamka na maji huchafuka, usiku mawingu ya radi hujikusanya juu ya ziwa, na alfajiri mara nyingi bado yako hapo. Wavuvi wanaolijua tangu utotoni hufa humo kila mwaka. Kayaki fupi ya mikunjo ni pana, nyepesi, na imekaa juu ya maji, kwa hiyo upepo unaisukuma utakako na usikotaka. Zaidi ya hapo, nyingi hazina kuta za ndani za kuzuia maji: ikipinduka inajaa kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na huwezi kuikausha ukiwa unaelea kando yake. Ukinunua kwetu ya aina hii kwa matumizi ya Victoria, tutakuuzia pamoja na mifuko ya hewa ya kujazwa mbele na nyuma, na tutakuomba ubaki ndani ya ghuba, karibu na ufuko, asubuhi kukiwa kumetulia. Anayetaka Ssese kwa kayaki anahitaji chombo kirefu cha fremu na ngozi, kifuniko cha kiunoni cha kuzuia maji yasiingie, mafunzo ya kujiokoa akipinduka, na mwenzake mwenye vitu hivyohivyo. Asiye navyo apande feri kwenye gati la Nakiwogo, hapa Entebbe, na kayaki yake ikiwa kwenye mkoba, kisha apige kasia kwenye ghuba za Bugala, kisiwa kimoja cha Ssese. Kusema kweli, safari hiyo ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi: unafika hujachoka, na siku nzima ni yako.

Mto Nile kwa chini ya Jinja una maporomoko makubwa, kama Itanda, na huko kayaki ya kukunja haina kazi. Ziwa tulivu lililotokea nyuma ya bwawa la Bujagali, lililokamilika 2012, linafaa sana kwa kujifunza, mradi ukae mbali na bwawa lenyewe. Kuhusu mfereji wa Kazinga, Ziwa Mburo, Albert na Nile ya Murchison, jibu letu ni hapana. Kuna viboko na mamba, na kiboko hahitaji sababu ya kupindua chombo cha kilo 9. Hatukodishi kayaki kwa safari hizo hata mteja akilipa mara mbili. Hata Victoria kuna viboko kwenye baadhi ya ghuba zenye mafunjo, kwa hiyo ukifika mwaloni wasalimie wavuvi na uwaulize kabla hujafungua mkoba. Watakuambia pia nyavu zimetegwa wapi, na hilo litakuepusha na ugomvi.

Suala la usafiri linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalowaponza wanaonunua nje wenyewe. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mzigo wa kilo 23 wenye jumla ya sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Watu huangalia kilo tu. Chukua kayaki ya mikunjo iliyofungwa ikawa na sentimita 107 kwa 46 kwa 25: jumla ni 178. Ina kilo 9, lakini kaunta wanaweza kukutoza ada ya mzigo mkubwa kuliko kawaida. Ya upepo mara nyingi inaingia ndani ya kipimo, ya fremu hugawanywa mifuko miwili. Pima kabla ya kukata tiketi. Ikija kama mzigo wa kuagiza, kuna ushuru wa forodha, na juu yake VAT ya asilimia 18 inayokusanywa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwa hiyo ukiona kayaki ya mikunjo inauzwa Marekani kuanzia kama dola 500, usipige hesabu ya bajeti yako kwa 500. Mtafute wakala wa forodha akupe makadirio ya maandishi kabla hujalipa chochote.

Ndani ya nchi mambo ni rahisi zaidi. Mkoba wa mikunjo unakaa kwenye buti la basi, na dereva wa takisi ataukubali ukilipia kiti. Kwenye boda tunashauri usafirishe umesimama wima nyuma yako, umefungwa kwa mpira, kwa sababu ukilala upande upana wake unagonga watu na magari. Na usiruhusu gunia la mkaa liwekwe juu yake. Plastiki inavumilia mengi, lakini ikiminywa kwenye ncha kali ikiwa imekunjwa hubaki na kovu.

Makovu hayo ndiyo tunayoyatafuta mtu anapotuletea kayaki iliyotumika ili tuikague kabla hajainunua. Watengenezaji wa polipropilini husema mkunjo unastahimili kukunjwa maelfu ya mara, na kwa tunayoyaona mezani kwetu mikunjo si mahali pa kwanza kuharibika. Ifungue yote juani, inua upande mmoja uangalie mwanga ukipita kwenye plastiki. Mstari mweupe unaofuata mkunjo ni wa kawaida. Mstari mweupe unaoukata mkunjo, hasa karibu na kona za omo na tezi, ni dalili kwamba iliwahi kukunjwa kinyume au kukanyagwa, na hapo ndipo ufa utakapoanzia. Bonyeza kwa kidole gumba: ikilia kama ganda la yai, iache. Kwa kayaki ya ngozi, geuza ngozi uangalie kwa ndani, si nje. Mchanga unaonaswa kati ya fito na ngozi huisugua taratibu kila unapopiga kasia, na mwenye nayo haoni kitu mpaka maji yaanze kuingia. Vuta pia kila bomba la alumini litoke kwenye jingine. Lililokwama kwa sababu halikufunguliwa kwa mwaka mzima linaweza kukugharimu fremu nzima.

Kukausha ndiko kunakookoa chombo chochote kati ya hivi. Ukifika nyumbani usiache kayaki ndani ya mkoba mpaka safari ijayo. Ifungue, ifute, iache kivulini penye upepo mpaka mishono na kona ziwe kavu kabisa, kwa sababu kuvu hula gundi na huacha harufu isiyotoka. Jua la ikweta nalo lina madhara yake: usiifanye kayaki pambo la bustani. Na wewe mwenyewe jikaushe mapema kwa taulo. Victoria ina kichocho, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji yenye majani karibu na ufuko, palepale unapoingilia na kutokea. Ukiwa mtu wa majini kila mara, mwambie daktari akupime. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na si ghali.

Vifaa vingine ni vichache. Kasia linalogawanyika vipande vinne, urefu wa sentimita 220 hadi 230 kwa kayaki pana. Sponji na chupa iliyokatwa ya kukumbia maji. Filimbi. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, imefungwa mwilini mwako na si kwenye chombo. Jaketi la kuokolea halimo kwenye orodha ya hiari: kila kayaki inayotoka dukani kwetu, ya kuuzwa au ya kukodi, inatoka na jaketi linalokutosha, na mtoto hapewi la mkubwa.

Angalia pia uzito ambao chombo kimeruhusiwa kubeba. Watu hupima mwili wao wakasahau kambi. Lita 10 za maji ni kilo 10, hema na sufuria ni nyingine 10, na kayaki iliyojazwa hadi mwisho wa kipimo chake inakaa chini sana na kugeuka kwa shida. Sisi huwashauri wateja wabakishe robo ya uwezo huo bila kuitumia.

Ukitaka kununua au kukodi, tutumie mambo manne: uzito wako, ziwa unalolenga, usafiri utakaotumia, na kama unajua kuogelea. Tutakujibu kwa kutaja chombo kimoja au viwili na bei yake kamili, kodi ikiwemo. Mwenye shaka akodi wikendi moja kwanza, na akinunua ndani ya mwezi huo tunamkatia pesa ya kukodi kwenye bei. Majaribio ufukweni ni Jumamosi asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne, na yakiahirishwa kwa sababu ya radi tunampigia kila aliyejiandikisha.