Urithi wa klasi ufundishwe kwa kompyuta, si kwa kalamu

Mhariri,

Katika somo la programu za kompyuta, vyuo vikuu vinaharakia urithi wa klasi, yaani klasi moja (kiolezo cha kuundia vitu ndani ya programu) kuchukua sifa na kazi za nyingine, na hapo ndipo wanafunzi wanapojikwaa. Chukua klasi Mraba inayorithi Mstatili. Weka upana 5, kisha urefu 4: eneo linalotarajiwa ni 20, lakini Mraba hulazimisha pande zote kuwa 4, jibu linatoka 16. Kompaila ya Java, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wa lugha hiyo, hailalamiki hata kidogo!

Tunaomba kila zoezi lianze na swali: je, klasi mtoto inaweza kushika nafasi ya mzazi popote bila kuvunja ahadi yake? Kama haiwezi, ziwe klasi mbili zinazotimiza kiolesura kimoja (orodha ya kazi ambazo klasi huahidi kuzifanya), Umbo, chenye methodi, yaani kazi, ya kukokotoa eneo tu. Mtihani nao ufanyike kwenye kompyuta. Kwenye karatasi, mwanafunzi haioni hiyo 16.

Wakufunzi wa programu,
Morogoro