Barua kwa wanangu mlorithi kwa ami yenu: subirini eda iishe

Assalaam alaykum wanangu,

Naandika hapa hadharani badala ya kwenye grupu letu la WhatsApp mana kule neno langu likiingia tu inafatia picha ya gari na linapotea, na pia najua hili sio lenu peke yenu, Unguja na Pemba wapo vijana wengi yaliyowafika haya haya, ami kafariki hana mtoto, ndugu zake wote washatangulia, mara mnaambiwa warithi ndo nyie wakati hata hamkuwa mnafikiria. Mimi ni mjomba wenu, ndugu wa mama yenu, kwa marehemu sina fungu hata la senti moja, kwa hiyo nnalosema sina langu ndani yake.

Kubwa nnalokuombeni ni kuwa msiuze kitu na msiahidi mtu kitu mpaka mke wa ami yenu amalize eda, yaani muda wa kukaa ndani baada ya kufiwa na mume. Miezi 4 na siku 10. Siku ile nilokuja Mwanakwerekwe kumpa pole mlikuwa mmekaa ukumbini mnaulizana nyumba itafika shilingi ngapi na dalali gani ana mteja, na yeye yupo chumba cha pili, kati yenu na yeye pazia tu, nilipoingia kumsalimia alikuwa anakunja kanga moja anaikunjua anaikunja tena, hakusema kitu. Wallahi liliniuma. Yule ndo alomuuguza ami yenu, nyie mlikuwa mnapiga simu siku za Idi. Na nyumba hiyo ana fungu lake kisheria, sio mgeni anaesubiriwa atoke.

Sasa mafungu yenyewe, mana naona mnahesabu kama mali yote ni yenu. Kwanza yanatoka mazishi, kisha madeni, na kwenye madeni ulizeni mahari, kama kuna mahari hajamalizia kumlipa mkewe hilo ni deni kama deni la duka, linalipwa kabla nyie hamjagusa. Kisha wasia kama upo, usiozidi thuluthi. Hapo ndo mirathi inaanza, na mke wa marehemu asieacha mtoto fungu lake ni robo. Tuseme baada ya madeni zimebaki milioni 40, yeye ni milioni 10, zilobaki 30 nyie ndugu wanne wanaume kila mmoja milioni 7 na nusu. Gari nliyoiona kwenye grupu imezidi hiyo. Msichukue hesabu yangu mkaenda nayo, nendeni kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kazi yao ndo hiyo, waandikwe warithi wote na mali yote.

Mtaona nimesema wanaume wanne, na nyie mko sita. Hili ndo lilonifanya nishike simu usiku huu. Dada zenu wawili hapa hawarithi. Kwa baba yenu walirithi, ila kwa ami mtoto wa kike wa ndugu harithi pamoja na kakaake, sheria ndo ilivyo na mimi siibadilishi. Lakini sheria hiyo hiyo, Suratun Nisaa aya ya 8, inasema wakihudhuria jamaa wakati wa kugawa basi wapeni katika hiyo mali na muwaambie maneno mazuri. Jamaa hao ni nani kama si hawa? Mdogo wenu kaacha chuo mwaka wa pili kwa ada, mnajua nyote. Kila mmoja akitoa milioni moja katika fungu lake, kwa ridhaa yake bila kulazimishwa, dada zenu wanapata milioni mbili mbili na hakuna alofilisika. Na mutafute vizuri kwenye makaratasi ya marehemu, kwa vile wao si warithi aliweza kuwausia, labda kawaandikia kitu.

Shamba la karafuu la Mtambwe, huku Pemba. Hapa nakuombeni kwa heshima zote msiuze. Kwanza mjue mlichorithi ni nini, huku kwetu mtu anaweza kuwa na mikarafuu na ardhi ikawa ya mwengine, na kama ni eka tatu za serikali baada ya Mapinduzi zina masharti yake, kwa hiyo muoneni sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, na wazee wa mipaka kabla ya kupokea pesa ya mtu, kesi za mashamba zimejaa mahakamani kwa mambo haya haya. Pili mkarafuu sio muhogo, ukipanda leo unangoja miaka sita saba ndo uanze kuchuma, na ukishika unakulisheni nyie na watoto wenu. Iliopo pale ishashika, kazi hiyo kishaifanya mwengine. Mali hii ndo ilosomesha nusu ya watu mnaowaona na suti huko mjini.

Ila msidanganyike pia. Karafuu haizai sawa kila mwaka, upo msimu shamba zima jekundu na upo msimu unapata za kutia kwenye pilau. Wachumaji mnawalipa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma, kilo 3 mbichi zikishakauka zinabaki kama kilo 1, mvua ikipiga kwenye majamvi zinaharibika, na mnunuzi ni ZSTC tu, shirika la biashara la serikali, anaekuja usiku na bei nzuri huyo ni wa magendo, mtafungwa. Na atakaekuja kukodi miti yenu kwa msimu mmoja muwe nae macho, wengine wanavunja matawi ili wachume haraka, hasara ya tawi inabaki kwenu miaka. Mwekeni mmoja wenu asimamie, mumlipe ujira wake, na hesabu iandikwe kwenye daftari ambalo kila mrithi analiona, na mke wa ami yenu nae alione, robo yake imo humo. Palipokufa miti pandeni miche mipya na muimwagilie kiangazi.

Pesa za mkononi kila mtu na lake, siwezi kukupangieni. Mwenye deni alipe deni. Mkubwa wenu una watoto watatu na unakodi, anza msingi wako.

Mimi nipo Wete mpaka karafuu za mwaka huu ziishe. Eda ikimalizika njooni twende shamba pamoja tukazihesabu hizo mikarafuu mti kwa mti, nauli ya boti nitawasaidia wasiokuwa nayo, na dada zenu njooni nao.

Mjomba wenu