Mjomba, ule mwamba haukufaa kwenda hotelini

Assalam aleikum mjomba. Naandika huku hadharani kwa sababu simu zangu hushiki, na jumbe najua mjukuu wako hukusomea halafu mwanyamaza nyote wawili. Basi hii nayo atakusomea, na asiruke mahali.

Mi sikukasirikii. Siku ile ya mkutano wa mradi wetu hotelini Nyali, ulipovaa makubadhi yako ukatoka na biriani hata hujaionja, nilijua saa ileile umeona nini ukutani: ramani yetu ya bahari, na mwamba wako wa kuvulia umepakwa wekundu, yaani pa kufungwa. Wenzangu wakauliza mzee yule kwani ana nini, mwengine akasema pengine posho haijamtosha, na mi nikanyamaza. Hilo ndo lanichoma kuliko ramani yenyewe, manake ningesema tu yule ni mjomba wangu na hapo mlipotia wekundu ni pake, nani angenila?

Wacha nikueleze ilivokuwa, sababu nahisi wadhani nilikuuza.

Zile siku tatu ulizonichukua kwenye hori, kusi limeanza kulegea, mi nimekamata jipiesi, kile kidude cha kuweka alama mahali ulipo, kama kipande cha sabuni nabonyeza bonyeza, nawe wanionyesha kwa kidole: mnara wa msikiti ukae juu ya mbuyu, halafu geuka huku, paa la makuti la ile hoteli lifunike mnazi uliopinda, hapo tia nanga. Nikakuuliza na mbuyu ukikatwa je? Ukacheka, ukanambia nitatafuta alama nyengine, na hicho chako betri ikiisha? Na kweli siku ya pili ikaisha, tukarudi kwa mbuyu.

Ukanipa majina yote mjomba. Wapi tafi hukusanyika, wapi changu wa kaskazi, wapi malema, ile mitego ya samaki, hayakai kwa mkondo. Jina moja ulingoja mpaka yule kijana akainama kukumba maji ndo ukanitajia, tena kwa sauti ya chini, na jina hilo silitaji hapa na sitalitaja popote. Ukasema wazee walikuwa wakiupumzisha mwamba ule kwa muda mrefu hakuna mtu kuugusa, na walio hai wanaoujua sasa mmebaki watatu. Nikaandika kwenye daftari. Halafu, kwa mazoea tu ya kazi, nikabonyeza kile kitufe cha jipiesi, mahali pakahifadhiwa.

Hapo ndo nilipokosea. Daftari ni langu na wewe. Kitufe ni cha mradi.

Ofisini kuna programu za kupangia bahari, ile mashuhuri yaitwa Marxan, nayo ndo iliyotumika kule Australia walipopanga upya Great Barrier Reef, ule mwamba wao mkubwa wa matumbawe, mwaka 2004 sehemu isiyovuliwa ikatoka chini ya asilimia 5 ikafika 33. Si uchawi na si ujinga. Bahari yote yakatwa vipande kama daftari la hesabu, kila kipande chaandikiwa kina matumbawe, kina majani ya bahari, kina samaki gani, na upande wa pili ni nani atakayeumia kikifungwa. Halafu waiambia, nitafutie pa kulinda ambapo watu wataumia kidogo kabisa.

Sasa iangalie na macho ya kompyuta. Mwamba wako una samaki wengi, we ndo uliyesema. Wanaovua ni watatu, pia we ndo uliyesema. Kompyuta ikaona hapa ni bure bilashi, ikapaka nyekundu. Kwengine ambako watu wamejaa na juya, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku tangu 2001 na bado wavutwa, ikaona wavuvi ni wengi, hasara kubwa, ikapaacha. Yaani ungeutangaza mwamba wako ukavurugwa na kila mtu, saa hizi ungekuwa salama kwenye ramani. Uliutunza, ndo ukakuponza. Nilipolifahamu hili nilitoka nje nikakaa ngazini, sikuwa na la kumwambia mtu.

Programu haina kosa, imefanya ilivoambiwa. Kosa ni letu tuliopeleka majibu yake moja kwa moja kwenye projekta ya hoteli bila kupita bandani kwenu wavuvi kwanza. Na wakubwa wana haraka, mjomba. 2022 kule Montreal nchi zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Maandishi yale yataja haki za wenyeji na za jamii za asili, nimeyasoma mwenyewe, lakini ukikaa na wafadhili wasikia 30 tu, hiyo ya haki huja mwisho mwisho chai ikishapoa.

Ila na we niwie radhi, kuna jambo nitakwambia. Ukitajiwa hifadhi huguna, kuanzia hii ya Mombasa iliyotangazwa 1986 we ukiwa kijana. Sawa. Na malema yako huyatega wapi? Si huyasogeza mpaka karibu na boya la mpaka wa hifadhi pale, hatua mbili zaidi waingia, manake wajua samaki wakishiba ndani hutoka? Na 1998 matumbawe yalipogeuka meupe kama mifupa wewe ndo uliyekuja nyumbani ukamwambia mama bahari yaumwa. Kwa hivo kulinda si jambo la wazungu. Wavuvi wa Kuruwitu, hapo Kilifi tu, walijifungia wenyewe kama hekta 30 mwaka 2005, wakapaita tengefu, yaani palipotengwa, na samaki wakarudi. Lakini wao walikaa chini wakagombana miezi, wakajikatia mstari wao. Hawakuonyeshwa ukutani wakila.

Na mbona nikasumbuka kuandika majina? Kwa sababu ya Lamu. Ile kesi ya bandari, 2018 mahakama kuu ya Malindi ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76, na ilibidi ionekane kwamba pale watu walikuwa wakivua, hapakuwa patupu. Mi hofu yangu ni siku mtu aje na mashine ya kuchota mchanga, afungue ramani ya serikali aone buluu tupu. Basi nikataka mwamba uwe na mwenyewe. Sikufikiria kwamba kitu kikionekana na huyu kitaonekana na yule pia.

Shangazi naye kaninunia, kwa lake. Asema katika mikutano yote minne hakuna mama karanga, wale wanaokaanga samaki wakauza, aliyeulizwa kitu, na vile vitafi vidogo anavyokaanga vyatoka kwenye majani ambayo kwenye ramani yetu yameandikwa "hakuna matumizi". Sina jibu. Ule mkutano wa kwanza waliuweka Ijumaa saa sita mchana, Mombasa hii, wallahi.

Niliyofanya hadi sasa ni haya. Nimemwambia bosi kila kitu, amefura lakini amesikia. Zile alama za jipiesi nimezitoa kwenye faili letu, yamebaki maeneo makubwa tu bila majina. Nakala moja iko kwa mshauri aliyesharudi kwao, nimemwandikia mara tatu afute hajajibu, sitakudanganya kwamba amefuta. Ule wekundu bado ni pendekezo, si sheria, na katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, kwa hivo hawawezi kuupitisha kimyakimya. Mkutano ujao nimekataa hoteli. Utakuwa pale bandani chini ya mwarobaini, maji yakiwa mafu, manake bamvua, maji yakitoka sana, akina mama wako mwambani na pweza. Ramani itakuwa ya karatasi, kubwa, na kalamu za kufutika.

Hutaki kuja, usije. Daftari nimelitia kwenye mfuko wa nailoni liko kwa mama, juu ya kabati la vyombo. Kurasa zile zote zimo, mengine sijampa mtu. Ukilitaka mtume mjukuu wako aje alichukue, na umwambie aje na chombo, mama amepika mbaazi.