Kwa injini, hata Dar ni baridi

Jumanne nilitumiwa ujumbe wa sauti wa dakika nne na dada mmoja mwenye Passo. Niliusikiliza nikiwa chini ya gari la mtu mwingine, na neno la kwanza lilikuwa "Fundi, umenila."

Gari lake lilikuja gereji kwetu hapa Tabata kwa sababu lilikuwa linachemsha kwenye foleni. Tulikuta kifuniko cha rejeta kimechoka mpira, ndani maji matupu yenye rangi ya kutu, na sehemu inayokaa themostati iko wazi. Fundi wake wa zamani aliitoa. Tukafunga kifuniko kipya, tukasafisha njia za maji, tukaweka kulanti (maji ya dawa ya rejeta) na themostati mpya ya shilingi 45,000. Alipofika nyumbani jirani yake akasoma risiti, akamwambia kwamba themostati ni kitu cha Ulaya kwenye theluji, huku Dar watu wanaitoa bure, na huyo kakurudishia ugonjwa makusudi ili urudi tena. Dada anataka elfu 45 yake.

Si wa kwanza. Ndiyo maana leo naandika, ili anayefuata nimtumie hii kabla hajanitumia dakika nne.

Themostati ni kidude kinachoenea kiganjani. Katikati kina kikombe cha shaba chenye nta. Injini ikiwa ya baridi, kimefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta. Maji yakipata joto nta inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka na maji yanaanza kwenda kupoa. Nyingi ninazofunga mimi zimegongwa namba 82, yaani zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi.

Sasa fikiria. Siku Dar imewaka kweli ni nyuzi 33 au 34. Injini inataka kufanya kazi kwenye 80 na zaidi. Kwa injini, Dar nayo ni baridi. Tofauti yetu na huko kwenye theluji ni kwamba wao wanachelewa zaidi kufika.

Huu uongo haukutoka hewani, na mafundi walioueneza si wajinga. Themostati ikifia imefunga, gari linachemsha kweli. Fundi akiitoa, linaacha kuchemsha hapo hapo, mteja anashukuru, hakuna spea iliyonunuliwa. Kwa macho yao dawa imefanya kazi. Kosa ni pale ilipogeuka kuwa tiba ya kila gari linalochemsha, hata lile ambalo themostati yake ni nzima na tatizo ni feni, rejeta iliyoziba au wota pampu, ile inayozungusha maji, inayovuja.

Gari lisilo na themostati halikuambii kwamba linaumwa. Kwenye Vitz na Passo nyingi hakuna geji ya joto, kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi. Nilimuuliza yule dada ile taa yake ilikuwa inazima wapi asubuhi. Akasema alikuwa anafika karibu na kazini bado inawaka, akadhani ni urembo. Muda wote huo kompyuta ya gari inasoma kwamba injini haijapata moto, kwa hiyo inaongeza petroli kwenye mchanganyiko. Mteja analalamika gari linakunywa mafuta, anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, anamshuku mdogo wake anayelitumia usiku.

Na oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Fungua kifuniko cha kujazia oili kwenye gari la namna hiyo, hasa la mtu wa safari fupi fupi, mara nyingi utakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nimeletewa gari ambalo mwenyewe alishaambiwa gasketi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, andaa laki sita. Gasketi ilikuwa nzima. Tulirudisha themostati, tukabadilisha oili, akaenda.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wenzangu wengi hawalijui. Baadhi ya injini, za Toyota zikiwamo, themostati yake ina sahani ya pili upande wa chini. Ule mlango mkubwa ukifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yako ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Gari linatembea la baridi mjini, halafu likikutana na mzigo na mlima linachemsha kwa sababu ya kitu ulichokitoa ili lisichemshe.

Mlima wenyewe unaujua kama umewahi kwenda nyanda za juu. Mzee mmoja, mteja wetu wa sasa, alikuwa anapeleka familia Njombe mwezi Desemba na Noah, watu saba na mizigo juu. Kitonga ikamshinda katikati. Mvuke ukatoka, akasimama nyuma ya malori, na akafanya makosa mawili ambayo kila dereva ameshaambiwa asifanye. Alifungua kifuniko cha rejeta hapo hapo. Kifuniko kile kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha. Chini ya presha ya 1.1 maji matupu hayachemki kwenye 100, yanafika karibu na 120 ndipo yachemke. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na yanakurukia usoni. Mkono wake wa kulia una kovu hadi leo. La pili, akamimina maji ya baridi ya dumu kwenye injini inayofoka.

Hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, haipendi hivyo: inapinda. Gari lilivutwa hadi Iringa, likafungwa gasketi juu juu, likarudi Dar likichemsha kila baada ya kilomita chache. Tulipolifungua tuliweka rula ya chuma juu ya hedi, tukapitisha filagegi, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, jani la milimita 0.15 likapita bila kubanwa. Kiwango cha mwisho kwa hedi kama ile ni 0.05. Ikaenda kwa fundi mashine kusagwa. Ukiweka kuvuta, gasketi za mara mbili, kusaga, oili, kulanti na kazi, mzee alikaribia milioni moja na nusu, na hapo sijahesabu hoteli ya watu saba Iringa.

Chanzo? Rejeta. Nusu yake ya chini ilikuwa ya baridi ukiishika huku ya juu inaunguza. Matundu yamejaa chokaa na kutu, kwa sababu kwa miaka alikuwa anaongeza maji ya kisima cha nyumbani, na visima vingi vya Dar tunajua ladha yake. Maji ambayo hutaki kupikia chai unayapa injini. Themostati ilitolewa miaka mitatu kabla, gari lilipoanza kupandisha joto kidogo. Ule ulikuwa ndio wakati wa kuosha rejeta kwa pesa ya kawaida.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwenye droo ya dashibodi. Tulipokuwa tunatafuta kadi ya gari tukakuta themostati ya zamani imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Tukaifuta, tukaipima. Nzima.

Tunapimaje? Sina mashine ya ajabu. Nina sufuria, jiko la gesi la mtungi mdogo na kipimajoto. Themostati inaning'inizwa kwa waya isiguse chini ya sufuria, na mlangoni tunabana uzi. Maji yakikaribia 82 mlango unalegea na uzi unadondoka. Kufika 95 unatakiwa uwe umefunguka milimita 8 au zaidi. Tukiitoa ikapoa, lazima ifunge yenyewe. Dakika kumi na tano, na mteja anaona kwa macho yake. (Sufuria hiyo imeandikwa GEREJI kwa rangi nyekundu, tangu siku kijana mpya alipoichemshia maharage.)

Kuhusu kulanti sitachoka kusema. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia barafu, wanasema Tabata hakuna barafu. Kulanti inazuia kutu, inalinda aluminiamu na sili ya wota pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Rangi si ubora, wala si kipimo cha kuchanganya: kampuni tofauti hutumia rangi ile ile kwa dawa tofauti. Na kuna madumu yanauzwa bei ya soda ambayo ni maji yenye rangi. Sisi lita tano tunauza 35,000, na ukileta ya kwako kutoka dukani tunaifunga bila kinyongo, ila dumu liwe limefungwa.

Kuna na dawa nyingine za mtaani. Feni kufungwa moja kwa moja na swichi: hapana. Mota inakufa mapema na tatizo linabaki pale pale. Bizari, pilipili manga na ute wa yai kwenye rejeta inayovuja: vinaziba tundu, kweli, halafu vinaziba na matundu mengine yote pamoja na rejeta ndogo ya hita. Sabuni ya kipande kwenye tanki la petroli linalovuja hiyo naikubali, itakufikisha gereji, lakini iwe gereji, si miezi minne. Na oili kuwa nyeusi wiki mbili baada ya sevisi si dalili kwamba nilikuuzia oili mbovu. Inabeba uchafu, hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa bei, maana najua ndiko tunakoelekea. Kupima gari linalochemsha ni 25,000, na fedha hiyo inatolewa kwenye bili ukitengeneza kwetu. Watu wanasema ni pesa ya kuangalia tu. Gari lazima lipoe kwanza, hiyo ni nusu saa au zaidi. Tunafunga pampu ya presha tuone panapovuja, tunaliwasha kifuniko kikiwa wazi tuone kama kuna mapovu ya gasketi, tunasubiri feni iwake yenyewe na izime yenyewe, mara mbili. Anayekwambia tatizo akiwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi anakisia, na makisio yake unayalipia wewe kwa spea. Ninao wateja waliobadilisha wota pampu, feni na rejeta kwa mpigo, na ugonjwa ulikuwa kifuniko cha 15,000.

Pesa ya yule dada sikurudisha. Nilimwambia aje Jumamosi na jirani yake. Alikuja na kaka yake, jirani alikuwa na udhuru. Niliifungua themostati ile ile ya kwake mbele yao, nikaitia kwenye sufuria. Uzi ulidondoka kwenye 83. Kaka mtu akatazama kipimajoto, akamgeukia dada yake, akamuuliza ile ya mwanzo yule fundi aliipeleka wapi.

Wenye themostati zao kwenye droo, zileteni Jumamosi yoyote kabla ya saa saba mchana. Kupima ni bure.