Tugeuze boksi kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Mtwara tunaotaka kula vizuri, lakini konfleksi tunazichagua kwa picha ya mbele.

Geuza boksi. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta sukari ni ya pili, hizo ni peremende za asubuhi. Kisha tafuta sukari iliyomo katika kila gramu 100. Achana na hesabu ya "mlo mmoja", maana mara nyingi mlo huo ni gramu 30, na sijamwona mtu mzima anayeshiba hapo. Boksi lenye gramu 35 za sukari kwa kila 100, ukila bakuli la gramu 60, umemeza gramu 21, vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50. Ikiwa chini ya 25, bora zaidi. Na chai bado hujainywa. Chai zetu tunazijua!

Kwangu sasa ni uji wa mtama usiokobolewa, na korosho zilizotwangwa juu yake. Korosho tunalima wenyewe, kisha tunaziuza zote kama vile sisi hatuna meno.

Wanaopenda za boksi sina ugomvi nao. Ila wenye maduka watuletee na zisizotiwa sukari, na waagizaji waandike viambato kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara