Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni hayataki kitanda

Ndugu Mhariri,

Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni hadi unyayoni, wengi huyaita "baridi" na kujilaza wiki nzima. Mara nyingi chanzo ni diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo: diski ya kiunoni inatokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu. Kitambi kinaweza kuchangia, kwani huuvuta mgongo mbele na diski ikabanwa. Kulala zaidi ya siku mbili hulegeza misuli inayoushikilia mgongo huo.

Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Ukiamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Usijinyanyue ukiwa chali. Tembea dakika 10 mahali tambarare, mara tatu kwa siku. Maumivu yakizidi kushuka mguuni, punguza. Kufua umeinamia beseni lililo chini huumiza sana: liweke mezani.

Mwenye kilo 100 akipunguza 5 hadi 10, kiuno hupata nafuu. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Aanze kuiacha hiyo, ugali baadaye.

Ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe: hospitali siku hiyohiyo, tafadhali sana.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Morogoro