Pensheni jamii isiishie kwa wazee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya pensheni jamii, ile fedha ya kila mwezi wanayolipwa wazee wetu wote, maana mazungumzo yake hapa kwetu Mtambwe yameshika njia nisiyoipenda. Barazani, kwenye daladala, hata jikoni kwenye shughuli, utasikia: fulani analipwa kwa lipi? Nyumba yake ya ghorofa, watoto wake wako Oman na kila mwezi wanamletea. Bora apewe asiyenacho.

Ukiisikia mara ya kwanza utaitikia. Mimi siitikii.

Ilipoanza Aprili 2016, wakati wa Rais Dk. Shein, Serikali ya Mapinduzi ilimlipa kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee haulizwi kama aliwahi kuajiriwa, wala ana ng'ombe wangapi. Anaonesha kitambulisho, anatia dole gumba, anakwenda zake. Na fedha hizo si za mfadhili anayeweza kuamka siku moja akabadili nia, zinatoka katika mfuko wetu wenyewe. Sera ya Hifadhi ya Jamii ya 2014 ndiyo iliyotangulia kutengeneza njia, lakini mizizi yake iko mbali zaidi. Elimu bure ilitangazwa Septemba 1964, matibabu nayo yakafuata, na mzee Karume akajenga nyumba za wazee kule Sebleni. Nyumba zile zilikuwa kwa mzee asiyekuwa na mtu. Jambo la 2016 ni jengine, kwa sababu mzee anabaki kwake, na wanawe na wajukuu zake, na ana cha kwake mkononi.

Waingereza, ambao wakati ule sisi tulikuwa chini ya himaya yao, walipitisha sheria yao ya pensheni ya wazee mwaka 1908, nao wakaweka miaka 70. Ilikuwa shilingi tano kwa wiki, lakini kwanza mzee apimwe kipato, kisha apimwe tabia: aliyejulikana kuwa mvivu wa kazi alikuwa hapati. Hebu fikiria sheha, kiongozi wetu wa mtaa, kupewa kazi ya kuandika nani katika wazee wake alikuwa mvivu. Sisi hatukupita huko, na wanaotaka tuanze sasa kuchambua maskini na tajiri wajue wanachokiomba.

Nasema hivyo kwa sababu kuchambua tumekuonja. Ilipita hapa orodha ya msaada, sitataja ilikuwa ya nani. Vijana wenye karatasi waliingia nyumba hadi nyumba. Paa la bati au makuti? Redio ipo? Kuku? Jirani yangu mmoja ni mjane, bati lake aliachiwa na marehemu mumewe, na siku ile ndani mlikuwa na unga kibaba kimoja. Akaachwa. Bati haliliwi, lakini karatasi haikuwa na pahala pa kuliandika hilo. Nyumba ya pili yake ikaingia, na hadi leo wale watu wawili wakikutana kisimani kila mmoja anatazama ndoo yake. Kwenye pensheni jamii sijaona ugomvi wa aina hiyo. Yule mwenye ghorofa anapokea, na yule wa makuti anapokea, na kwa kuwa wote wanapokea hakuna anayeona haya kupanga foleni.

Utaniambia mbona zaka inachagua. Ndiyo, Qurani imetaja watu wa aina nane, wakianza mafukara na masikini. Lakini mtoa zaka anamjua jirani yake, anajua nani kalala njaa jana. Serikali haimjui mtu kwa namna hiyo, kwa hivyo afadhali iweke mstari mmoja unaoonekana na kila mtu, na imlipe kila aliyeuvuka.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika, Mhariri. Mstari wenyewe mmoja tu hautoshi. Umri si kitu pekee kinachomtoa mtu kazini.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchumaji karafuu. Si wa shamba lake, ni wa kulipwa kwa pishi, kama vijana wengi wa huku msimu ukifika. Asubuhi moja, matawi bado yamelowa mvua ya usiku, alikuwa juu kabisa na pakacha lake limekaribia kujaa, akasogeza mguu kufuata shada lililokuwa nje kidogo. Waliokuwa chini wanasema hawakusikia ukelele, walisikia tawi. Uti wa mgongo ulivunjika. Akapelekwa Unguja, akarudishwa, na tangu siku ile kuanzia kiunoni kushuka chini hajui joto wala baridi. Ana miaka 46.

Wenye mtu kama huyu ndani wanajua sitii chumvi. Ana mpira wa mkojo unaotaka kubadilishwa, na ukichelewa homa inapanda. Kila saa mbili tatu lazima ageuzwe, usiku na mchana, la sivyo nyama ya makalio inaanza kuwa nyekundu, kesho nyeusi, keshokutwa ni shimo. Kidonda kile kikishafunguka hakifungi kwa mwezi. Pempas za watu wazima pakiti haipungui 15,000, na pakiti haimalizi wiki. Mkewe alikuwa na kamba zake za mwani baharini, ameziacha, kwa sababu maji yakitoka ndiyo wakati wa kwenda shamba la mwani na mgonjwa hafuati bamvua. Kwa hivyo ajali ya mtu mmoja ilikata vipato viwili. Hili la pili halimo katika hesabu za mtu yeyote.

Mwenye mikarafuu alileta gunia la mchele na akaja kumtazama. Simlaumu, naye ni mkulima tu. Najua siku hizi kuna fidia kwa wanaoanguka mikarafuu, na ni jambo la kushukuriwa, ingawa mdogo wangu hakuipata. Lakini fidia ni ya mara moja, na mgongo uliovunjika ni wa kila siku. Nilipokwenda kuuliza ofisini kama kuna chochote cha kila mwezi, nilijibiwa kwa adabu kabisa kwamba yeye bado si mzee.

Sasa tazama nyumba yetu. Mama ana miaka 78, anapata pensheni jamii. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nakatwa kila mwezi mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa walioajiriwa, na mwajiri ananiongezea, kwa hivyo nikiteleza kwenye ngazi za darasa nikavunjika mgongo, mfuko una mafao ya asiyeweza tena kufanya kazi. Yeye aliyeko kitandani, aliyefanya kazi ya hatari kuliko sisi sote, na karafuu zake zikaiingizia nchi fedha za kigeni, hana lolote. Hakuwa na mkataba wa kazi, na miaka 70 hajafika. Mama akitoka kupokea hafungui fundo la kanga mpaka aingie chumbani kwa mwanawe. Pensheni ya mzee ndiyo inayonunua pempas. Ile fedha iliyokusudiwa ale yeye samaki, anunue dawa yake ya presha, hata akitaka ampe mjukuu ya peremende, haifiki kwenye samaki.

Nimetafuta kujua wenzetu walifanyaje. Wajerumani wa enzi ya kiongozi wao Bismarck walipotunga sheria yao ya pensheni mwaka 1889, waliweka miaka 70 vilevile. Wengi huishia hapo kuisimulia. Lakini sheria ile ile ilikuwa na mlango wa pili: mfanyakazi aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kabla ya kufika 70 naye alilipwa, na haikuchukua muda waliolipwa kwa kushindwa kazi wakawa wengi kuliko waliolipwa kwa uzee. Na ni lazima iwe hivyo, kwani kwa watu wa kazi za mikono, wa migodini huko na wa mikarafuuni huku, mwili haungoji miaka 70. Kwao ilikuwa ni kwa kuchangia, kwetu si kwa kuchangia, lakini jambo ni lile lile.

Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Pendekezo lake Namba 202 la mwaka 2012, limetaja mambo manne ambayo nchi iyahakikishe kwa watu wake hata kwa kiwango cha chini: matibabu ya msingi, riziki ya watoto, riziki ya wazee, na riziki ya mtu wa umri wa kazi asiyeweza kujipatia cha kutosha, ikiwemo kwa maradhi au ulemavu. Sisi la wazee tumelifanya, na tumelifanya vizuri kuliko nchi nyingi zenye mali zaidi yetu. Mdogo wangu yuko katika lile la mwisho.

Asiniambie mtu kwamba visiwa vidogo haviwezi. Mauritius ni kisiwa katika bahari hii hii yetu, kimeishi kwa miwa kama sisi tulivyoishi kwa karafuu. Walianza kumlipa kila mzee bila ya kumpima mali mwaka 1958, na kando yake wana pensheni ya mwenye ulemavu: bodi ya madaktari ikithibitisha kwamba ulemavu umefika asilimia 60 na utachukua mwaka mzima au zaidi, analipwa. Basi.

Wapo watakaosema watu watajifanya walemavu. Labda wawili watatu watajaribu. Ndiyo maana iwepo bodi ya madaktari, na wanaoweza kupata nafuu waitwe tena baada ya muda. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2006 na mpya yake ya 2022, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lipo, masheha wanawajua watu wao. Kinachotakiwa ni kuwaongeza watu hao katika malipo yale yale, siku ile ile, kituo kile kile, kwa kiasi kile kile. Kama fedha ni chache, waanze wasioweza kabisa kujigeuza wala kujilisha. Hao hata mtoto wa skuli anaweza kuwatambua bila ya bodi.

Ombi langu ni kwa Wawakilishi wetu watakapokaa tena katika Baraza lao kule Chukwani kujadili bajeti. Wasiitumie nafasi hiyo kutafuta wazee gani wa kuwapunguza. Waiulize wizara: walio chini ya miaka 70 na hawawezi kazi yoyote ni wangapi Unguja, wangapi Pemba, na kuwalipa wote kwa mwaka ni shilingi ngapi? Jibu likitoka, lichapishwe katika gazeti lako tulione.

Wako,
Mwalimu wa skuli ya msingi,
Mtambwe, Pemba
(Jina na namba yangu nimekuachia, Mhariri.)